Nick Brandt na Watu Walioachwa Nje ya Fremu

Hata kama jina la Nick Brandt hulijui, yawezekana picha yake moja umeshakutana nayo: tembo dume anakunywa maji Amboseli, mwaka 2007, uso kwa uso na kamera, ngozi imepasuka mifereji kama tope la mtoni wakati wa kiangazi. Haina rangi. Haina gari la watalii, haina uzio, haina mtu. Tembo yule alikuwa na jina, Igor, na alikuwa mpole kiasi cha kumwacha mpiga picha amsogelee. Mwaka 2009 majangili walimuua.

Hivi karibuni nimevipitia vitabu vya Brandt kwa mfuatano, kuanzia kile cha 2005, na nataka kuandika juu ya jambo moja tu ambalo limenikaa kooni: katika kazi hii ya zaidi ya miaka ishirini, nani anaruhusiwa kuingia ndani ya fremu, nani anatolewa, na kinachotolewa kinatugharimu nini. Mashabiki wake husifu mwanga na mawingu. Mwanga ni mzuri kweli, sibishi. Lakini kwa sisi wa upande huu wa dunia mbuga haijawahi kuwa mandhari tu. Ni ardhi yenye kesi.

Brandt ni Mwingereza, na kabla ya picha alikuwa mwongozaji wa video za muziki. Ile video ya Earth Song ya Michael Jackson ya mwaka 1995, yenye misitu inayoanguka na watu waliopiga magoti wakichota udongo kwa viganja, ni yake, na sehemu yake ilipigwa Tanzania. Huko ndiko, kwa maelezo yake mwenyewe, alikonaswa na wanyama wa Afrika Mashariki. Kisha vikaja vitabu vitatu ambavyo majina yake ukiyasoma kwa mfuatano yanakuwa sentensi moja: On This Earth (2005), A Shadow Falls (2009), Across the Ravaged Land (2013). Juu ya dunia hii, kivuli kinaanguka, kutanda nchi iliyoharibiwa. Wapenda fasihi tutalipenda hilo. Sentensi imechukua miaka minane kuandikwa, na kitenzi chake, kuanguka, kiko katikati kabisa.

Namna alivyofanya kazi ndiyo iliyomtofautisha na wenzake. Alitumia filamu, kamera ya Pentax 67, na lenzi ndefu aliikataa. Anayejua mbugani kulivyo atanielewa. Lenzi ndefu ndiyo silaha ya kila mtu pale. Inamvuta simba hadi mlangoni mwa gari huku wewe umekaa mbali, na kwa kumvuta inamng'oa mahali pake, nyuma yake pakabaki rangi zilizovurugika tu. Brandt alitaka wingu, nyasi na mnyama viwe kitu kimoja. Kwa hiyo ilibidi asogee, na akishasogea, angoje. Matokeo yake yanafanana zaidi na zile picha za studio za zamani, ambazo babu amevaa koti la kuazima na bibi amekaa kwenye kiti mikono juu ya mapaja, kuliko picha za televisheni za duma akikimbiza swala. Simba wake wa Maasai Mara wa 2006, yule aliyekaa akiingoja dhoruba, hafanyi kitu. Yupo tu. Kiswahili kinasema kupiga picha, na kupiga kwetu kuna mengi: kupiga risasi, kupiga ngoma, kupiga magoti. Brandt wa miaka ile ni wa kupiga magoti.

Haya, sasa tazama tena. Geuza kurasa za vitabu viwili vya kwanza na umtafute mtu. Hayumo. Hakuna mchungaji, hakuna ng'ombe, hakuna boma, hakuna hata kijinjia cha miguu kwenye nyasi. Hifadhi ya Taifa ya Amboseli ina kilomita za mraba 392 tu. Tembo wake hawatoshi humo. Hutoka kwenda kwenye ardhi ya Wamasai inayoizunguka, wakala huko, wakarudi. Na ng'ombe wa Wamasai, koo zikikauka, huelekea kwenye mabwawa yaleyale yanayolishwa na maji yanayoshuka chini kwa chini kutoka Kilimanjaro. Kumkosa mchungaji katika picha za Amboseli, ukurasa baada ya ukurasa, si bahati. Ni kazi. Lazima ungoje apite, au ugeuze kamera upande wa pili.

Uondoaji huo ulianza zamani kabla Brandt hajazaliwa kama mpiga picha. Mwaka 1959 Wamasai waliokuwa Serengeti waliondolewa, mipaka ikachorwa upya, na Ngorongoro ikatengwa iwe mahali ambapo watu na wanyama wangeishi pamoja. Mwaka huohuo ilitoka filamu ya Mjerumani Bernhard Grzimek iliyoilinganía dunia kwamba Serengeti isife, na mwaka uliofuata ikapewa Oscar. Amboseli ilifanywa hifadhi ya taifa 1974, na wafugaji wakajikuta nje ya mabwawa waliyokuwa wakiyategemea wakati wa kiangazi. Na ule mpango wa Ngorongoro wa kuishi pamoja? Tangu 2022 familia za Kimasai zimekuwa zikihamishwa kutoka huko kwenda Msomera, Handeni. Serikali inasema wanahama kwa hiari. Wengi miongoni mwao wanasema sivyo.

Sisemi picha ndizo zinazohamisha watu. Wanaohamisha watu wana vyeo na saini. Lakini mtu aliyelelewa na picha za nyika tupu, awe ameketi ofisini Ulaya au hapahapa kwetu, akimwona mchungaji pale na fimbo yake atamwona kama mtu aliyeingia bila kupiga hodi. Atadhani utupu ule ndio asili, na mtu ndiye aliyezidi. Wala tusijifanye sisi hatujaambukizwa. Toa noti mfukoni: ya Tanzania ya elfu kumi ina tembo, ya elfu tano kifaru, ya elfu mbili simba. Kenya walipoziondoa sura za marais kwenye sarafu mwaka 2018 waliweka twiga, kifaru, simba na tembo. Wanyama wa taifa, wa kila mtu, kana kwamba hawana jirani wanayemlia mahindi.

Mtu anaingia kwenye kitabu cha tatu, Across the Ravaged Land, na tazama anavyoingia. Ni askari wa wanyamapori, Amboseli, 2011. Amesimama wima, mikono imeshika meno makubwa ya tembo aliyeuawa. Kuna picha nyingine ya askari wengi kwa mstari, kila mmoja na meno yake, mstari unaishilia mbali kwenye tambarare. Ni picha nzito. Mara ya kwanza nilikaa nayo muda mrefu. Ila binadamu amepewa ruhusa ya kuonekana kwa sharti la kubeba maiti, na jina la picha linamtaja kwa kazi yake tu: askari. Tembo Igor tunamjua. Huyu aliyeshika meno hatumjui. (Zile za Ziwa Natron, za ndege na popo waliokaushwa na magadi halafu mpiga picha akawaweka juu ya matawi kama wako hai, ndizo zilizosambaa sana mitandaoni. Mimi nazipita haraka. Zinashtua, halafu basi.)

Hapo pana jambo la kumpa haki yake. Kabla ya kitabu hicho kutoka, mwaka 2010, Brandt na Richard Bonham walianzisha Big Life Foundation, shirika linaloajiri mamia ya askari kutoka vijiji vya Wamasai wenyewe, na linalowalipa fidia wafugaji ambao mifugo yao imeliwa na simba. Ukilipa fidia ya ng'ombe umeshakubali kwamba simba anaishi nyumbani kwa mtu. Kumbe huyu bwana katika kazi yake ya mikono alikuwa ameshaelewa kitu ambacho picha zake zilikuwa bado hazijakisema. Nadhani kila kitabu kilichofuata ni jitihada ya macho kuifukuzia mikono.

Inherit the Dust ilitoka 2016, na wazo lake unaweza kumsimulia mtu kwenye daladala akalielewa. Brandt alichukua picha zake za zamani za tembo, faru, twiga na simba ambazo hakuwa amezitoa, akazichapa kwa ukubwa wa mnyama mwenyewe, akazisimamisha Kenya mahali ambapo wanyama hao hawapo tena: kwenye dampo, machimbo ya mawe, kando ya reli, kiwandani, uchochoroni, chini ya daraja la barabara kuu. Halafu akapiga picha ya hayo yote, picha ndani ya picha. Jina lenyewe la Amboseli, kwa maelezo yanayotolewa mara nyingi, linatokana na neno la Kimasai lenye maana ya vumbi la magadi. Sijui kama Brandt alilifikiria alipochagua jina la kurithi vumbi, ila limekaa vizuri.

Ile ya chini ya daraja ndiyo inayonirudia. Tembo wamesimama kwenye paneli gizani, na mbele yao wamekaa na kulala watu wasio na makazi. Juu ya barabara kuna bango la biashara linalomwambia mpita njia ajiegemeze kwa raha, maisha yake yameshanyooka. Bango hilo halikubuniwa na mpiga picha, lilikuwepo. Ghafla tembo na mlala nje wana kesi moja. Wote wawili wamefukuzwa na kitu kilekile, na kitu hicho kiko juu yao, kinatabasamu, kinauza.

Lakini picha nyingi za kitabu hicho hazifiki hapo. Katika nyingi watu wanapita, wanaokota taka, wanaendelea na shughuli, na hakuna anayemtazama mnyama. Tunatakiwa tuone msiba: binadamu amesahau. Mimi naona mtu aliye kazini. Mama anayechambua plastiki dampo hakulileta dampo, na huenda yeye ndiye mwenye haki kuliko wote waliomo ndani ya fremu ya kuuliza nini kilikuwa hapa kabla. Picha haimpi nafasi ya kuuliza. Anageuzwa kuwa ushahidi wa kutojali kwake, na mtazamaji wa galari ya New York au London, ambaye chuma na plastiki zake zinaishia mahali kama pale, anaondoka akiwa na huzuni safi isiyomdai chochote.

Basi Brandt akarudi tena, safari hii kwa rangi. This Empty World ya 2019 ilipigwa usiku kwenye ardhi ya jamii ya Wamasai karibu na Amboseli, na mbinu yake ni ya ajabu kwelikweli. Kwanza aliweka kipande kidogo tu cha seti porini, na kamera isiyosogezwa yenye kihisi cha mwendo. Wiki zinapita. Wanyama wanaizoea, wanakuja, wanapigwa picha. Kisha seti inajengwa kamili, kituo cha mafuta, stendi ya mabasi, daraja linalojengwa, na wanaletwa watu kutoka jamii za huko na kwingineko wasimame mle. Kamera ni ileile, mahali ni palepale. Picha mbili zinaunganishwa kuwa moja: tembo amesongwa katikati ya abiria, hana pa kupita.

Mwandishi huyu wa picha, na nadhani anastahili kuitwa hivyo, amesema mara nyingi kwamba watu waliomo humo nao ni wahanga. Namwamini. Bado mbinu inasema kitu kingine. Mnyama na mtu katika picha hizo hawakukutana kamwe. Mmoja alikuja akaondoka, wiki zikapita, ndipo mwingine akaletwa. Wamewekwa pamoja na programu ya kompyuta ili tuambiwe hawawezi kuwa pamoja. Na mkulima wa Kimana au mfugaji wa pale jirani, ambaye ameshawahi kulala macho na tochi akimfukuza tembo shambani, angeweza kumweleza mpiga picha habari za kukutana ambazo hazihitaji seti.

Ndiyo maana The Day May Break, iliyotoka 2021, ilinikalisha kitako. Picha zake zilipigwa mwishoni mwa 2020, Zimbabwe na Kenya, kwenye vituo vinavyotunza wanyama waliookolewa. Wanyama hao hawawezi kurudi porini na wamezoea watu, kwa hiyo kwa mara ya kwanza Brandt aliweza kumweka mtu asiyemjua mnyama karibu naye, katika fremu moja, kwa dakika ileile. Watu wenyewe ni waliopoteza mashamba, mifugo au nyumba kwa ukame na mafuriko. Na sasa majina: picha nyingi zinaitwa kwa majina ya waliomo, mtu na mnyama, kwa mstari mmoja, bila kutenganisha. Miaka kumi baada ya yule askari asiye na jina, orodha imekaribia kukamilika. Mmoja wa wanyama hao ni Najin wa Ol Pejeta, ambaye yeye na binti yake Fatu ndio vifaru weupe wa kaskazini pekee waliobaki duniani, majike watupu. Watu wamekaa karibu na mwili wake mkubwa ulioinamisha kichwa. Mara nyingi katika kitabu hiki mtu hamtazami mnyama wala mnyama hamtazami mtu. Wamekaa kama watu wawili kwenye benchi la hospitali ya wilaya: hawafahamiani, lakini foleni ni moja.

Kuna mbinu moja imefunika kila ukurasa, ukungu. Umetoka kwenye mashine, ukamwagwa pale pale mbele ya kamera. Brandt ameueleza kama dunia tuliyoijua inayofifia, na pia kama mwangwi wa moshi wa mioto ya nyika. Sawa. Lakini angalia kilichofunikwa. Ardhi! Vichaka vinamezwa hatua chache nyuma ya kiti, na zaidi ya hapo hakuna kitu. Hujui uko Zimbabwe au Kenya mpaka usome maelezo. Katika vitabu vya mwanzo tulikuwa na nchi isiyo na watu. Hapa tuna watu wasio na nchi. Ile siku moja ambayo mtu, mnyama na ardhi vingeonekana pamoja, kila kimoja na jina lake, imefichwa na moshi wa mashine, na mimi naliona hilo kuwa pengo kubwa kuliko yote katika kazi hii, kwa sababu ndipo alipokuwa amekaribia kabisa. Ukame ni habari ya mahali. Mtu hapotezi shamba hewani; hulipoteza mahali fulani, chini ya kilima fulani, na mara nyingi kuna mwingine analitamani.

Nikitaka kuona ardhi ikikataa kufunikwa namwendea Fabrice Monteiro, mpiga picha mwenye asili ya Benin na Ubelgiji anayefanya kazi Senegal. Katika mfululizo wake wa The Prophecy, ulioanza 2013, majini yanainuka kutoka kwenye dampo la Mbeubeuss nje ya Dakar, yamevaa magauni marefu ya taka zilezile, mavazi ya mbunifu Doulsy. Dampo limekuwa na mwenyewe. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa: mahali pana wenyewe, na ukipachafua watakujia. Monteiro hana huzuni ya Brandt, ana hasira na kidogo ana kejeli, na jini lake linakutazama kama mtu anayekudai. Simaanishi Brandt aanze kupiga majini. Ila nikirudi kwenye ukungu wake baada ya hapo nauona ni mpole mno.

Sura za mradi huo zimeendelea: ya pili Bolivia, ya tatu, SINK / RISE ya 2023, watu wa Fiji wamekaa kwenye viti na makochi chini ya maji ya bahari, ya nne Jordan, familia za wakimbizi wa Syria zimesimama juu ya masanduku yaliyopangwa jangwani. Za Fiji ni nzuri kwa macho, pengine kupita kiasi. Za Jordan nazipenda zaidi kwa sababu jangwa linaonekana, miamba iko nyuma yao na watu wanashikana. Lakini hesabu wanyama katika sura hizo mbili. Hakuna hata mmoja. Aliyeanza na wanyama wasio na watu amefika kwenye watu wasio na wanyama, na njiani, mara moja tu, akiwa Zimbabwe na Kenya na kisha Bolivia, viliketi pamoja.

Mwishoni mwa The Day May Break kuna kurasa ambazo wengi hawazifunui, zenye maelezo mafupi ya kila mtu na kila mnyama: alitoka wapi, alipoteza nini, mvua ilikuja lini na ilichukua nini. Ardhi iliyomezwa na ukungu imeandikwa humo kwa maneno. Mwenye kitabu aanzie huko, kisha ndipo arudi kwenye picha.